Nadhiri Isiyo na Jina

Fundi Solomoni alipiga simu Ijumaa jioni, na alikuwa amekasirika.

"Mzee Jabiri, mimi si mtu wa maneno mengi," alisema, kisha akaongea dakika kumi bila kupumua. Kazi ya kukarabati nyumba ya Olmotonyi alipewa yeye na vijana wake wawili, wakakubaliana mbele ya watu. Sasa mbona mwenye nyumba ameleta mafundi wengine kwa mlango wa nyuma? Jumatano aliacha sebule haina dari, kenchi za paa ziko wazi kama mbavu. Alhamisi asubuhi akakuta dari imefungwa yote. Jana akaacha korido, na leo korido nayo imefungwa. "Kama kazi yangu haikuridhishi, niambie usoni, aisee. Sisi hatuzungukani hivyo."

Jabiri alicheka. Alikuwa na gereji Sombetini, mwaka wa ishirini sasa anatengeneza magari ya watalii, na wivu wa mafundi aliujua vizuri kuliko injini.

"Solomoni, sijaleta mtu. Labda vijana wako wanabaki kumalizia."

"Vijana wangu? Ukiwaambia wabaki dakika tano, wote wanauguliwa."

"Basi kesho tunapanda huko na familia. Tutaona wote."

Batuli, mkewe, alikuwa pembeni anakunja nguo, na alisikia kila neno. Yeye hakucheka.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kupumzikia tu, vyumba vitatu kwenye mteremko wa Meru, juu kidogo ya chuo cha misitu. Walikuwa wakienda mwisho wa wiki, wakala mahindi mabichi, wakalala chini ya mablanketi mawili mawili. Mwezi wa nne, katikati ya masika, dhoruba iliwakuta humo. Upepo uling'oa mkuyu mkubwa wa nyuma ya nyumba, mti ambao hata wenyeji hawakukumbuka ukiwa mdogo, ukaangukia paa upande wa chumba cha binti yao Twahira, mwenye miaka minane. Walihangaika karibu saa nzima kwenye mvua kuondoa matawi na mabati. Walimkuta chini ya kitanda, mzima, hana hata mkwaruzo. Lakini tangu siku hiyo Twahira hakusema tena.

Si kwamba alikuwa mkimya wa asili. Huyu alikuwa mtoto wa kusema mpaka usingizini. Mwalimu wake wa madrasa alikuwa akimlipa pipi anyamaze. Sasa miezi minne ilikuwa imepita. Madaktari walisema koo zima, masikio mazima, kichwa kizima. Mshauri wa watoto akasema mrudisheni polepole pale alipoogopea, aone pamejengwa, moyo utafunguka. Ndiyo maana walikuwa wanapanda mlimani mwezi wa nane, kwenye baridi ile, nyumba ikiwa bado na mafundi. Batuli alikuwa tayari kutoa figo asikie sauti ya mwanawe tena. Alikuwa pia na sababu yake ya kuiogopa nyumba ile, na hajamwambia mtu.

*

Walifika Jumamosi saa nne asubuhi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ua, na misonobari ya chuo ilionekana nusu, shina bila kichwa.

Nanyori, mama wa jirani aliyekuwa akiwatunzia funguo, alikuja na chupa ya maziwa chini ya shuka lake. Walisalimiana, wakaulizana habari za mifugo na za biashara. Twahira akainamisha kichwa kama alivyofundishwa huku juu, mama yule akamgusa utosini. Kisha akamshika kidevu, akacheka.

"Leo umeninyamazia? Jana umenipa shikamoo mara tatu, mpaka nikachoka kusema marahaba."

Nanyori aliwatazama mmoja mmoja.

"Kwani nimesema nini?"

"Jana mtoto alikuwa mjini, mama," Jabiri alisema. "Hata hivyo haongei. Si unajua tangu ile dhoruba."

"Huyu?" Nanyori aliondoa mkono kwenye kidevu cha mtoto. "Wiki nzima ananiongelesha. Nikija asubuhi kufungua, kabla ya mafundi, ananisalimu kutoka huko ndani. Ananiuliza ng'ombe ameshazaa? Nilidhani mmemleta kwa likizo, nikasema labda anaona aibu kutoka." Alishusha sauti. "Mama Twahira, nisamehe. Ni sauti yake. Mimi naijua sauti ya huyu mtoto."

Batuli alimvuta binti yake karibu na kiuno. Mtoto alikuwa akiangalia dirisha la chumba chake, hana hofu usoni, ametulia kama mtu anayesubiri zamu yake.

Ndani, Solomoni alikuwa na ushahidi wake. Aliwasimamisha sebuleni, akaonyesha dari kwa penseli ya useremala.

"Mzee, angalia vizuri. Mimi fundi napigilia siling bodi nikiwa chini, kwenye ngazi, natazama juu. Vichwa vya misumari vinabaki huku. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Sasa hii niambie wewe."

Dari nzima ilikuwa na ncha. Mamia ya ncha za misumari zilikuwa zimetokeza chini, zimepangwa mistari iliyonyooka, kazi safi kabisa. Aliyepigilia alikuwa juu, kati ya dari na bati, akipiga kuelekea chini.

"Amejifungia huko mwenyewe," Solomoni alisema. Hasira ya jana ilikuwa imemwisha. "Sebule kafunga, korido kafunga, chumba chenu kafunga. Pamebaki tundu moja tu, chumba cha mtoto, pale mti ulipopita. Sasa anatokaga wapi? Na anakula nini?"

Vijana wake wawili walikuwa wameshaweka zana kwenye kiroba. Mmoja alisema nyumbani kuna mgonjwa. Leo Solomoni hakuwatania, aliwaacha waende.

Jabiri hakuwa mtu wa kuamini haraka. Aliamini injini haigongi bila sababu, na sababu huwa unaiona ukifungua boneti. Akachukua ngazi, akaisimamisha chini ya lile tundu juu ya kitanda cha Twahira, akapanda na tochi ya simu na kuingiza kichwa na mabega.

Batuli, chini, alisikia harufu kabla hajasikia kitu. Mafuta ya nazi. Si ya kupikia, ni yale anayochemsha mwenyewe na mrehani, anayompaka Twahira nywele kabla ya kulala. Yalishuka kutoka tundu lile pamoja na ubaridi wa udongo ulionyeshewa.

Jabiri alikaa huko kidogo tu. Aliposhuka, midomo yake ilikuwa ya kijivu, na miguu ilikosea ngazi ya mwisho.

"Hamna mtu," alisema. "Vumbi limelala tu, hamna hata unyayo."

"Sasa mbona unatetemeka?" Batuli alimuuliza.

Jabiri alimvuta hadi kwenye korido ili mtoto asisikie. "Ameniambia nishushe taa," alinong'ona. "Amesema, baba, shusha taa, inaniumiza macho. Batuli, ni mwanangu yule. Yuko juu, na yuko hapa chini."

*

Wangeweza kuondoka. Msomaji asidhani hawakujaribu. Jabiri alimbeba Twahira mpaka kwenye gari, na walipofika getini mtoto alianza kukohoa, kikohozi kikavu kisicho na sauti, mwili mzima ukijikunja, mpaka akaishiwa pumzi na kucha zikaanza kuwa za bluu. Waliporudi nyuma hatua kumi, akapumua. Wakajaribu tena, ikawa vile vile. Mara ya tatu hawakuthubutu.

Wakati wako nje walisikia nyundo. Mapigo manne yaliyopimwa, kisha kimya, kisha manne tena. Solomoni alikuwa amesimama nao kwenye ua, mikono mitupu. Walipoingia chumbani, lile tundu lilikuwa limepungua kwa ubao mzima.

Solomoni, na hili ni la kumsifu, hakukimbia. Alisema sala yake fupi ya Kilutheri, akachomeka ulimi wa nyundo pembeni mwa ubao mpya, akaanza kuung'oa. Msumari wa kwanza ulilia ukitoka. Twahira akaanguka sakafuni, ameshika koo kwa mikono miwili, damu inamchuruzika puani.

"Acha!" Batuli alipiga kelele. "Fundi, acha!"

Solomoni aliacha. Damu ikakata. Juu yao, taratibu kabisa, mtu akaurudisha ule msumari mahali pake.

"Mama," sauti ikaita kutoka darini.

Ilikuwa sauti ya Twahira jinsi alivyokuwa akiita zamani akitaka kitu, akivuta ile a ya mwisho. Batuli alikuwa ameiota miezi minne. Akakaa kwenye kitanda, akalia kwa sauti, na katikati ya kulia akamwambia mumewe kile ambacho hajamwambia mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua.

"Ni mimi," alisema. "Baba Twahira, ni mimi niliyemtoa."

Usiku ule wa dhoruba, Jabiri akiwa upande wa pili anavuta bati, yeye alikuwa amepiga magoti kwenye matope mbele ya ule mkuyu ulioanguka. Chini ya mti hapakuwa na sauti yoyote. Akadhani mtoto amekufa. Akapiga kelele, chukua chochote, chochote kile, niachie tu mwanangu. Hivyo hivyo. Hakusema Ee Mola. Hakumtaja yeyote. Na yeye alilelewa na bibi aliyezaliwa Pangani, bibi aliyekuwa akimfinya sikio kila akisahau kumtaja Mungu: nadhiri usiyoitajia mwenyewe huchukuliwa na aliye karibu.

"Nilipomaliza kusema tu, nikasikia mtu anavuta pumzi kwenye yale majani," Batuli alisema. "Nikajua nimekosea. Nikanyamaza. Mtoto alipotoka mzima nikasema labda ni upepo."

Jabiri angeweza kumkaripia na hakuna ambaye angemlaumu. Alichofanya ni kutoa simu.

"Nampigia Maalim Said," alisema.

*

Maalim Said alifika karibu saa kumi na moja, nyuma ya bodaboda, amevaa jaketi la kufika magotini na kofia ya sufu juu ya kofia yake ya kitani. Ndiye yule mwalimu wa pipi. Asubuhi alifundisha watoto, mchana alitengeneza redio na feni karibu na soko, na alikuwa na mafua. Alipiga chafya mara tatu kabla ya kusema salaam aleikum.

Alisikiliza yote bila kukatiza. Akaenda akasimama chini ya tundu, akasoma kimoyomoyo, akatega sikio. Tundu sasa lilikuwa la upana wa mbao mbili.

"Maalim, msomee atoke," Jabiri alisema.

"Mwizi unamfukuza. Huyu hakuiba." Alifuta pua kwa leso. "Alikuwa na makazi yake kwenye mti, mti umeanguka. Hapo hapo mtu anamwambia chukua chochote. Amechukua. Sasa amejijengea nyumba na anafunga mlango. Wewe ukiwa na kitu cha thamani unalala mlango wazi?"

"Akimaliza kufunga?"

"Kitabuni hili sijalisoma, sitakudanganya. Nalijua kwa wazee wetu. Jua likizama na tundu limezibwa, kilichomo humo ni chake." Akamgeukia Batuli, na sauti yake ikawa ya upole. "Aliyetoa neno ndiye analirudisha. Mimi nitakuwa chini nasoma, lakini kupanda utapanda wewe. Mtangulize Mungu. Umwambie ulikosea. Akitaka badala, usimwachie achague yeye. Taja wewe, na utaje kidogo, kitu chenye mwanzo na mwisho. Umenielewa? Ile chochote yako ndiyo imetufikisha hapa."

Nanyori alileta mayai na makaa ya moto. Maalim alikuwa na ubani na halua kwenye mfuko wa jaketi. Walipanga kila kitu kwenye sinia. Nje, ukungu ulikuwa umeugeuza ua kuwa mweupe kote, na mwanga ulianza kupungua kabla ya saa yake. Nyundo ikapiga mara nne. Likabaki tundu la ubao mmoja.

Batuli alivua mtandio akaufunga kiunoni. Jabiri alishika ngazi. Solomoni alishika ngazi upande wa pili. Twahira alikuwa amelazwa kitandani, macho wazi, kichwa chake karibu chini kabisa ya lile tundu.

Batuli alipanda ngazi moja, ngazi ya pili, akiwa na sinia mkononi na bismillahi mdomoni, na kadiri alivyopanda ndivyo ubaridi ulivyozidi, si ubaridi wa mlimani anaoujua bali ubaridi wa kitu kilichokaa chini ya ardhi muda mrefu, na harufu ya mafuta ya nazi ikawa nzito kiasi kwamba alihisi anaimeza, na alipoingiza kichwa ndani ya dari hakuona chochote, hata bati lililokuwa shubiri mbili juu ya nywele zake, ila alisikia, karibu kabisa na sikio lake la kushoto, chuma kikigongana na chuma taratibu, akakumbuka wapi amesikia mlio ule: mafundi wakiwa juu hubana misumari kwa midomo.

"Mama," sauti ya Twahira ilisema, ikipita katikati ya misumari.

"Mimi si mama yako," Batuli alijibu. "Nilisema neno bila kumtaja Mungu. Nimekosea. Nimekuja kulirudisha neno langu. Nirudishie mtoto wangu sauti yake."

"Ulinipa."

"Nilikosea."

"Ulisema chochote. Nikachukua kidogo. Ningeweza kuchukua macho."

"Nimekuletea halua na mayai. Na ubani."

"Sili." Misumari ikagongana. "Nyumba yangu ilikuwa na ndege na upepo. Hii niliyojijengea haina kitu. Nyumba isiyo na sauti ni kaburi. Unanipa nini, nisikae kimya humu?"

Ubao ukaanza kusogea. Batuli alisikia ukikwaruza juu ya mbao, ukija polepole kutoka mbele yake kuelekea koo lake, na wakati huo huo chini yake Twahira akaanza kile kikohozi kisicho na sauti, kitanda kikitikisika, Jabiri akiita jina la binti yake, Maalim akipandisha sauti ya kisomo, Solomoni akimwita Yesu kwa Kiarusha, na Batuli, mwanamke ambaye maishani mwake hakuwahi kukosa la kusema, akawa anahangaika kichwani kutafuta kitu kidogo, kidogo kabisa, chenye mwanzo na mwisho, mtu anaweza kuishi bila nini, na ndipo likamjia jambo ambalo alidhani ni la akili sana.

"Neno moja!" alisema. "Kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, nakupa neno moja katika maneno yake. Mengine yote urudishe, sasa hivi."

Ubao ukasimama.

"Lipi?"

"Kunguru. Chukua neno kunguru."

Kile kitu kilicheka, na kilikuwa kicheko cha mwanawe, kile cha kutekenywa. Ubao ukasogea tena mpaka ukamgusa kidevu.

"Neno lisilo na mwenyewe nitalifanyia nini?"

Mkono wa Twahira, kule chini, uliukamata mguu wa Batuli kwenye ngazi, ukabana, halafu ukaanza kulegea kidole kimoja kimoja. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Batuli alifumba macho.

"Jina analoniitia mimi," alisema. "Chukua hilo."

"Mama," sauti ikarudia, safari hii taratibu, kama mtu anayeonja. Kisha: "Nimekubali. Toa kichwa."

Alitoa. Ubao ukaingia mahali pake mbele ya pua yake, nyundo ikapiga mara nne, na ncha ya msumari ikachomoza ikamchana nyusi. Ngazi ikayumba. Wanaume wawili wakamdaka.

Halafu kitandani mtu akasema, kwa sauti ya kukwaruza:

"Baba, mguu wangu umekufa ganzi."

*

Sitaweza kueleza furaha ya watu wale, na nisingeweza hata kama ningekuwepo. Jabiri alikaa sakafuni akalia huku akiusugua ule mguu. Solomoni alimkumbatia Maalim Said mpaka Maalim akapiga chafya. Nanyori alikuwa akiruka mlangoni, shuka limemdondoka. Twahira alitaka kujua kwa nini kuna mayai kwenye sinia, na nani amemwaga maziwa, na shule zinafunguliwa lini, na kwa nini Maalim amevaa kofia mbili.

"Ulimpa nini?" Maalim alimuuliza Batuli pembeni.

"Kidogo tu," Batuli alisema, akifuta damu kwenye nyusi. "Kama ulivyoniambia."

"Basi alhamdulillahi. Ila sikiliza. Ukija tena kwenye nyumba hii, ukasikia unaitwa, usiitike. Kupewa ni jambo moja, kuitikiwa ni jambo lingine. Ukimuitikia utakuwa umemkubali kuwa wako."

Aliahidi. Waliteremka mlima na mtoto akaongea njia nzima. Ngaramtoni walisimama wakanunua mahindi ya kuchoma, na Twahira akasimulia darasa zima, mwalimu kwa mwalimu, mambo ya miezi minne yaliyokuwa yamejaa tumboni. Batuli alikaa naye kiti cha nyuma, akimtazama mdomo tu.

Kisha mtoto akamgeukia. Alifungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi. Akakunja uso, akajaribu tena. Midomo ilikutana na kuachana, na katikati hapakutoka kitu. Alimtazama baba yake kwenye kioo, akamtazama Batuli, akaonekana kufikiri.

"Wewe," alisema mwishowe. "Wewe, nipe maji."

Batuli alimpa maji. Alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, na Jabiri akadhani ni furaha tu.

*

Walijaribu majina mengine. Mami lilikaa siku moja. Umi halikumaliza hata mchana. Nanyori, alipokuja mjini, alimfundisha yeyo, kama wanavyosema watoto wa kwao, na Twahira alilisema mara mbili, usiku Batuli akalala na tabasamu. Asubuhi lilikuwa limeondoka pia. Mtaa mzima ulimwita Batuli Mama Twahira, dukani, msikitini, shuleni. Twahira peke yake ndiye aliyemwita wewe. Hakuwa na ubaya, alimpenda, alilala mkono wake ukiwa juu ya tumbo la Batuli. Lakini akiota ndoto mbaya alimwita baba, kwa sababu huyo ndiye aliyeweza kumwita. Hilo lilimuuma Batuli kuliko alivyowahi kudhani neno linaweza kuuma.

Wiki ya tatu Nanyori alipiga simu.

"Mama Twahira, yule wa juu bado yupo. Hanisalimii tena. Anasema neno moja tu, kutwa. Mbwa wangu hapiti tena upande ule."

Jabiri alisema wataiuza nyumba. Batuli alisema sawa, akaanza kusema mnunuzi huyu hafai, na yule hafai. Jumatano moja, mtoto akiwa shule, alipanda bodaboda kwenda Olmotonyi, akasema anafuata maziwa. Alikaa chumbani kwa Twahira chini ya dari mpya, akasikiliza nusu saa, akarudi. Jumatano iliyofuata alikwenda tena. Alijiambia kusikiliza si kuitika. Alijiambia ile ni sauti ya mwanawe kwa haki, yeye ndiye aliyeizaa, na hakuna kitabu kinachomkataza mama kusikiliza.

Jumatano ya nne alipeleka mkeka. Ukungu ulikuwa dirishani, mchana mweupe, majogoo wa Nanyori wakiwika mbali. Alifunga mlango. Ncha za misumari zilimtazama kutoka juu.

"Mama," sauti ikaita. Haikuwa tena na misumari mdomoni. Ilivuta ile a ya mwisho.

Alikaa nayo dakika nyingi. Ikaita tena, na tena, kwa subira, kama mtoto anayejua mama yuko nyumbani.

"Abee, mwanangu," Batuli aliitika.

Nyundo haikupiga. Halafu sauti ikaita tena, na safari hii haikutoka darini. Ilitoka nyuma ya mgongo wake, usawa wa kimo cha mtoto wa miaka minane, pamoja na harufu ya mafuta ya nazi.

Batuli hakugeuka. Alisogea kidogo kwenye mkeka, akampa nafasi ya kukaa.